Kipande Alichoambiwa Akiache Kitupu

Mektrida, mama yake Filemon, hajawahi kuvumilia mahali patupu. Kihamba chao cha Kilema, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, si cha kujivunia kwa ukubwa. Ukisimama kwenye ua wa masale wa mpaka wa juu ukakohoa, jirani wa mpaka wa chini anakupa pole. Lakini humo ndani mama huyo alibana kila kitu: migomba juu, kahawa chini ya migomba, magimbi chini ya kahawa, maharage yakitambaa palipobaki, na pale ambapo hata maharage yaligoma, maboga. Watoto wake wakichimba mashimo ya kuchezea gololi, kesho yake walikuta kila shimo lina mche. Wakimuuliza sasa tucheze wapi, aliwaonyesha barabara.

Filemon alikuwa wa nne kati ya sita, na mila ya huko juu inajulikana: mkubwa anakatiwa kipande chake, wa mwisho anabaki na nyumba ya baba, na hawa wa katikati wanapewa baraka. Akashuka na baraka zake mpaka Moshi mjini. Akajifunza kutengeneza redio. Redio zilipokosa wateja akahamia simu, na mafundi simu walipojaa kila kona akaingia kozi ya kompyuta, mtu mzima wa miaka thelathini na tano akikaa dawati moja na watoto waliomaliza kidato cha nne juzi. Wakamcheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wakaanza kumwomba daftari.

Kutoka hapo umoja wa wakulima wa mpunga wa huko Chekereni ukamchukua awe mtu wao wa mitambo. Sasa ana miaka arobaini na saba, mke, binti mmoja aitwaye Kindness anayesomea ualimu, kitambi cha heshima, na sifa ya kutotupa kitu. Ukifungua droo za meza yake utakuta skrubu, swichi za zamani, nyaya za urefu wa kidole, vifuniko vya betri. Kila droo aliifanya kihamba.

Pampu za umoja ni sita, zinavuta maji ya visima virefu na kuyamwaga kwenye mifereji ya majaruba ya mpunga. Zamani kila pampu ilikuwa na swichi yake ya mkono, na kila swichi ilikuwa na ugomvi wake. Mwaka ule mkulima mwenzao Hafidhi alipopigwa jembe la bega na shemeji yake mwenyewe kwa ajili ya saa moja ya maji, mkutano ukakasirika na kuamua: swichi zote zing'olewe, masanduku yachomelewe, na pampu ziwashwe na programu peke yake, kwa zamu, programu isiyomjua shemeji wala mjomba. Filemon ndiye aliyezing'oa. Unaweza kukisia swichi hizo zilikwenda droo gani.

Programu yenyewe iliandikwa na Shani, binti wa Moshi anayefanya kazi Dar es Salaam, mwenye kuongea haraka na kukumbuka kila kitu. Kila pampu aliipa laini ya simu, ila si laini ya kupiga. Laini hizo ziliongea ndani ya mtandao wao wa faragha, uliojengwa kwenye zile kompyuta za kukodi za mbali ambazo watu wanaziita wingu. Mtu wa nje hakuweza kuzifikia hata angekuwa na simu ya namna gani. Programu ilikaa kwenye kompyuta ya ofisini Chekereni, ikaunganishwa na mtandao huo kwa njia yake, na kwa miaka mitatu maji yalikwenda kwa zamu bila jembe kuinuliwa.

Sasa ndani ya mtandao huo kila kitu lazima kiwe na namba yake ya kukaa. Kampuni ya simu ilikuwa imewasajilia namba thelathini na mbili, si zaidi. Kumi na sita za kwanza zilikuwa za lango la laini za pampu, na hapo taratibu za wingu hazikuruhusu kuweka kitu kingine. Kumi na sita za pili Shani aliziacha tupu kabisa.

"Kaka Filemon, hapa usiweke kitu," alimwambia siku ya kukabidhi. "Hata kimoja. Siku tukiihamisha app kwenda kwenye cloud, itaingilia hapa. Na yenyewe haikubali kukaa na mwenzake. Ikikuta kuna mtu, hata awe mdogo vipi, haiingii. Umenielewa?"

"Nimekuelewa dada."

Alielewa kwa masikio. Moyo wake ulikuwa umelelewa na Mektrida, na kila alipofungua ukurasa wa mtandao ule na kuona namba kumi na sita zimekaa bure, mwezi baada ya mwezi, alisikia muwasho kama wa mtu anayepita mbele ya shamba zuri lililoachwa nyasi.

Huko Kilema, mtaa wa kwao ulipata maji kwa pampu ndogo iliyoko chini korongoni, inayoyasukuma kutoka kwenye chemchemi hadi tangi lililo juu ya mtaa. Jacob, kaka mkubwa wa Filemon, ndiye aliyekuwa akishuka asubuhi na jioni kuiwasha. Masika moja njia ikamtelezesha, Jacob akaenda na utelezi wake mpaka chini, na tangu siku hiyo mguu wa kushoto anautembeza kama mzigo wa mtu mwingine. Nani angeshuka? Vijana wako Arusha na Dar. Mama ana miaka sabini na tisa.

Filemon akafanya alichofanya. Umoja ulikuwa na laini ya saba, ya akiba. Akaichukua, akaifunga kwenye pampu ya korongoni, akang'oa na ile swichi ya mkono, kwa mazoea. Halafu katika zile namba kumi na sita zilizokaa bure akapanda kompyuta moja ndogo ya kukodi, ya kuwasha na kuzima pampu ya nyumbani kwa saa. Namba moja tu. Mtandao ulimtaka aipe jina, akaandika "mektrida". Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba hakuna aliyepungukiwa, na kwa miezi kumi na minne hakuna aliyepungukiwa kweli.

Jumamosi moja umeme ulikatika Chekereni, na uliporudi ulirudi kwa hasira. Kompyuta ya ofisini ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Filemon hakuogopa sana. Alimpigia Shani, na kesho yake kabla ya saa sita mchana programu ilikuwa imeshahamia wingu. Filemon akaifungua kwenye simu: majina ya wakulima yapo, zamu zipo, hata picha ya mpunga pale juu ipo. Akabonyeza pampu namba moja. Kimya. Namba mbili, kimya. Zote sita.

"Ni kawaida," Shani alisema. "App iko nje, pampu ziko ndani ya ua. Ufunguo wa mtandao wa ndani unao wewe. Ingia, iunganishe na kile kipande kitupu cha namba, dakika tano tumemaliza."

Jumatatu asubuhi Filemon aliingia, akachagua kipande, akabonyeza. Jibu likaja kwa maandishi mekundu kwamba kipande hicho kinatumika. Alilisoma mara mbili. Hakuwa na haja ya kuuliza kinatumiwa na nani.

Hapo ndipo mtu angesema kweli. Filemon alimpigia Shani akamwambia mtandao unasumbua.

Mpunga ulikuwa unachanua. Asiyeulima anaweza kudhani siku nne bila maji ni siku nne tu, lakini mpunga ukiwa kwenye maua hauna subira. Jaruba likikauka wiki hiyo, suke linasimama vizuri, linapendeza hata kupiga picha, na ukilibonyeza kwa kucha ndani hakuna kitu. Mapepe matupu. Kila mtu Chekereni alilijua hilo, na Filemon alilijua kuliko wengi kwa sababu Maulida alimkumbusha kila mchana.

Maulida ni mjane, mzaliwa wa Moshi mjini, aliyeolewa Chekereni na kubaki huko na jaruba moja mwisho wa mfereji wa pampu namba tatu. Ni jirani wa ofisi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimletea Filemon chakula cha mchana kwenye hotpoti ya kijani, kwa sababu, alivyosema, mwanaume anayekula mandazi saa nane mchana atakufa na kuwaachia kesi. Jumatatu hiyo pia alileta.

"Baba Kindness, leo?"

"Leo jioni, mama. Nashughulika."

"Maua yangu yamefunguka yote. Nikipita katikati yananiangukia kwenye mikono."

Alisema bila kulalamika, akafunua wali, akaondoka. Filemon hakumeza hata punje.

Jumanne alihangaika kama kuku aliyekatwa kichwa. Alijaribu kukigawa kile kipande, nane za "mektrida" na nane za programu. Wingu likakataa, kumi na sita ndiyo kiasi kidogo kabisa kinachokubalika. Akaandika kwa kampuni ya simu kuomba namba za nyongeza. Dada wa huduma kwa wateja akamjibu kwa sauti tamu kwamba ombi limepokelewa, na kwa kuwa ni badiliko la mtandao wa faragha litachukua siku za kazi kumi na tano. Akamwomba Shani pampu zitolewe nje ya ua, zifikiwe na mtandao wa kawaida, walau kwa siku mbili.

"Kaka, unaniambia nini?" Shani akashtuka. "Ukizitoa nje, mtu yeyote duniani anaweza kuziwasha. Atazichezea usiku kucha mpaka ziungue. Hapana. Hebu nitumie picha ya hiyo screen."

Akamtumia picha. Lakini kabla ya kutuma aliikata pembeni, pale palipokuwa na jina la mama yake.

Nikikueleza kwamba Filemon ni mtu mbaya nitakuwa nadanganya. Alikuwa na picha mbili kichwani, na kila alipoisukuma moja nyingine ilikuja mbele. Ya kwanza ilikuwa ya Maulida kwenye jaruba lake. Ya pili ilikuwa ya mama yake akishuka korongoni kwa ile njia iliyomvunja Jacob, mkono mmoja umeshika ndoo na mwingine unatafuta mzizi wa kushika. Akiifuta "mektrida", pampu ya Kilema inazimika siku hiyo hiyo. Akiiacha, mpunga wa watu mia mbili unakufa wima. Akajidanganya kwamba kuna njia ya tatu. Siku mbili nzima aliitafuta hiyo njia ya tatu, na mpunga ukawa unalipa.

Jumatano mkutano uliitwa. Mwenyekiti wao, Mzee Fikirini, alisimama mbele ya ofisi akaomba watu watulie, lakini hata yeye sauti ilimtoka imekauka.

"Fundi, tuambie. Tatizo ni nini?"

"Shikamoo Mzee. Tatizo ni... programu iko nje, inatakiwa iingie kwenye mtandao wa ndani. Bado haijapata nafasi."

"Marahaba. Haijapata nafasi? Nafasi inapatikana wapi, tukaitafute?"

Watu wakacheka, cheko la hasira. Mmoja akapaza sauti kwamba fundi amenunuliwa na majirani wa Kahe. Mwingine akasema Mchagga hawezi kuona uchungu wa mpunga, kwao wanakula ndizi. Mzee Fikirini akawakemea. Filemon alisimama akiwa na simu mkononi, na ndani ya simu hiyo ilikuwa kazi ya dakika tano ambayo ingewapa wote maji. Aliona aibu. Akaishusha simu, akaitia mfukoni.

Walipotawanyika, vijana wanne hawakwenda nyumbani. Walikwenda pampu namba tatu na grainda.

Filemon alisikia mlio wa chuma akakimbia. Alifika wameshakata sanduku, wamevuta nyaya na kuziunganisha moja kwa moja. Pampu ikanguruma. Maji yakaruka, machafu kwanza, kisha meupe, na Maulida aliyekuwa mwisho wa mfereji akapiga kigelegele. Filemon alikuwa akipiga kelele wazime, wazime, stata haiwezi, lakini nani amsikilize mtu ambaye siku nne hajawapa tone? Dakika mbili, labda tatu. Kisha mlipuko mdogo, moshi mweusi, na kimya. Stata, kile kifaa cha kuwashia mota, ilikuwa imeyeyuka, na laini ya simu iliyokuwa ndani yake imeyeyuka nayo.

Maulida alikuja akitembea juu ya ukingo wa mfereji, viatu mkononi, miguu imelowa mpaka kwenye vifundo tu. Alilitazama sanduku. Akamtazama Filemon.

"Baba Kindness, ungekuwa unajua dawa ungetuambia, sivyo?"

Hakuwa anamtega. Aliuliza kwa sababu alimwamini. Filemon alisema ndiyo, akageuka, akaanza kuokota vipande vya sanduku.

Alhamisi saa mbili asubuhi alimpigia Shani.

"Kile kipande si kitupu," alisema. "Kuna kompyuta yangu humo. Inawasha pampu ya nyumbani kwetu Kilema. Niliiweka mwenyewe."

Shani, yule mwenye maneno mengi, aliuliza swali moja tu.

"Tangu lini unajua ndiyo inayozuia?"

"Tangu Jumatatu."

"Kaka Filemon. Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Ifute," Shani alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka, haikuwa ya ukali. "Mimi nasubiri hapa hapa."

Kabla ya kuifuta alilitafuta jina la Jacob kwenye simu. Alitaka kusema, kaka, maji yanakatika leo, kingeni mapipa, mzuieni Mama asishuke. Kidole kilikaa juu ya jina lile. Kumpigia Jacob ilikuwa ni kueleza yote: kwamba maji waliyokuwa wakimsifia kanisani kila Krismasi yalikuwa yanatembea kwa laini ya watu na katika nafasi ya watu. Alijiambia kwamba tangi litawatosha mpaka kesho, na kesho atakwenda mwenyewe kusema uso kwa uso. Ulikuwa woga mtupu. Akairudisha simu kwenye ukurasa wa mtandao, akachagua "mektrida", akabonyeza futa. Mtandao ukamwuliza kama ana uhakika. Ulimwuliza hivyo kwa kila kitu, lakini siku hiyo swali lilimchoma.

Dakika tano baadaye programu iliingia. Pampu namba moja iliitika, kisha mbili, nne, tano, sita. Watu walikimbilia mifereji kila upande, wengine wameshika mbolea, wengine hawajui wameshika nini. Mzee Fikirini alimkumbatia Filemon mbele ya watu. Filemon akajitoa polepole kwenye mikono ile, akamwomba waingie ofisini, akamweleza. Yote, mpaka laini ya akiba, mpaka picha aliyoikata.

Mzee Fikirini alivua kofia yake, akaiweka mezani, akaitazama.

"Mimi nimewatetea watu wa kwenu jana," alisema. "Nimesema huyu fundi hana ubaya."

"Ndiyo, Mzee."

"Kazi yako itazungumzwa na mkutano, mimi si wa kuisema peke yangu. Sasa hivi niambie pampu namba tatu inahitaji nini."

"Stata mpya, ile ya mjini inaingia. Na laini. Kampuni haitoi nyingine kabla ya wiki tatu." Akaongeza polepole: "Iliyopo ni ile ya akiba. Iko Kilema."

"Basi unajua njia."

Maulida alikuwa mlangoni. Alikuja na hotpoti ya kijani kama kawaida, na hakuna ajuaye alisimama pale kuanzia neno gani. Aliiweka chini kwenye kizingiti, akajifunga khanga vizuri, akaondoka bila kusema baba wala Kindness. Filemon alitamani angemtukana. Matusi angeyapokea kwa mikono miwili.

Ijumaa stata ilipatikana mjini mapema, Mzee Fikirini akaipeleka Chekereni mwenyewe na fundi umeme wa kuifunga. Filemon akapanda bodaboda kuelekea mlimani. Maulida alikuwa ametuma ujumbe mmoja kwa Mzee Fikirini, na Mzee alimsomea Filemon bila kuongeza neno: maji yakifika kabla ya jioni ataokoa nusu, yakifika kesho asihangaike mtu. Mfukoni mwa koti Filemon alikuwa na ile swichi ya mkono ya korongoni. Aliikuta droo ya pili kushoto, chini ya vifuniko vya betri, kama ilivyotarajiwa.

Alipita nyumbani kwanza. Bomba la nje lilikuwa wazi mpaka mwisho, halidondoshi tone. Jacob alikuwa ameketi barazani, mguu umenyooshwa mbele yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Pampu haijawaka tangu jana. Nimekupigia mara sita." Ni kweli alipiga, Filemon alikuwa ameona kila mara, akaacha iite. "Tangi lilikuwa na kidogo, watu wakalimaliza jioni."

"Mama yuko wapi?"

Jacob aligeuka. Alitazama upande wa korongo, na uso wake ulikuwa uso wa mwanaume aliyeshindwa kumzuia mama yake kwa mguu mmoja.

Filemon alikimbia. Alipita katikati ya migomba, akakanyaga maharage, akakanyaga maboga, vitu ambavyo tangu utotoni hakuwahi kuvikanyaga, akafika ukingoni. Njia ilikuwa ile ile, mawe yana ukoko wa kijani, mizizi imetokeza kama ya kushikia. Alishuka akiteleza, akiita, na hakujibiwa ila na maji ya chini.

Alimkuta katikati ya mteremko. Mektrida alikuwa anapanda, ndoo ndogo ya rangi ya bluu kichwani, jani la mgomba limefunika maji yasimwagike. Gauni lilikuwa na tope upande mmoja kutoka nyonga mpaka chini, na kiganja cha kulia kilikuwa kinatoka damu. Alikuwa ameanguka. Alikuwa ameanguka, akarudi kuchota tena.

"Mama!" Filemon alisema. "Mama, ni mimi. Ni mimi niliyezima."

"Najua ni wewe. Nani mwingine anawasha?" Alisimama, akavuta pumzi, shingo haijatikisika chini ya ndoo. "Umezima kwa nini?"

Akamweleza. Hakumweleza mambo ya wingu wala namba. Alisema tu kwamba kulikuwa na kipande cha watu, aliambiwa akiache kitupu, yeye akapanda cha kwao humo, na wenyewe walipokihitaji akakaa siku tatu bila kung'oa. Alisema kuna mama mmoja, mjane, mpunga wake unakufa leo.

Mektrida alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na sasa yalilowa.

"Mimi nilikufundisha kujaza pengo la kwako," alisema. "La mwenzako nilikufundisha lini?"

Filemon alisogea karibu. Alinyoosha mikono kupokea ndoo.

"Acha. Huyo mama anasubiri nini kutoka huku?"

"Laini. Iko kwenye sanduku la pampu, hapo chini."

"Kaichukue."

Alishuka, akafungua sanduku, akachomoa laini, kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Akaifunga swichi ya mkono mahali pake, akaisukuma juu, na pampu ikaanza kusukuma maji kwenda kwenye tangi. Aliporudi alimkuta mama yake amefika karibu na juu. Akataka tena kumpokea ndoo. Mektrida akamzuia kwa kile kiganja chenye damu, akamgusa kifuani, doa likabaki kwenye shati.

"Wewe una mahali pa kukimbilia," alisema. "Ya leo nimeshachota. Kuanzia kesho utashuka wewe kuiwasha, asubuhi na jioni, mpaka niseme basi. Haya, nenda."

Saa ilikuwa saba kasoro. Kutoka Kilema hadi Chekereni, na bodaboda mzuri, angefika saa tisa. Filemon aliifunga laini ndani ya karatasi, akaiweka mfuko wa shati juu ya lile doa, akakimbia. Kwenye kona ya masale aligeuka mara moja. Mama yake alikuwa bado anapanda, hatua, kupumzika, hatua, na ndoo ilikuwa imejaa.